Kutundika pazia bila kutoboa ukuta: pima kitambaa kwanza

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaoishi nyumba za kupanga ni hili, ninunue kitu gani ili nitundike pazia bila drili? Na mimi huwa nawarudisha nyuma kidogo, pazia lako lina kilo ngapi, na ukuta wako umepakwa nini? Maana ukishayajua hayo mawili kitu cha kununua kinajichagua chenyewe, na usipoyajua hata ununue kishikizo cha kubandika kizuri kiasi gani iko siku utaamka usiku na kukuta fimbo iko chini na kipande cha rangi kimebanduka nayo.

Na hili jambo nalichukulia kwa uzito kabisa, kwa sababu mpangaji naye anastahili dirisha zuri. Mkataba umesema usitoboe, sawa hatutoboi, lakini hiyo haimaanishi ukae miaka na shuka uliyoichomeka kwenye kona za dirisha, mwanga unakupiga usoni alfajiri na watu wa nje wanaona mpaka sahani zako. Inawezekana kabisa pazia likakaa vizuri, likafunguka na kufungwa kila siku, na siku ukihama ukuta ukabaki kama ulivyoukuta.

Haya twende kwenye uzito. Kitambaa uzito wake unahesabiwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba. Shia nyepesi, yale mapazia membamba yanayopitisha mwanga, ziko kwenye gramu 50 mpaka 100 hivi, pamba na poliesta za kawaida 150 mpaka 250, na vile vitambaa vizito vya kuziba mwanga vinafika 300 na kuendelea. Sasa chukua dirisha la upana wa sentimita 150. Ili pazia lipate mikunjo mizuri linataka kitambaa cha kama mara 2 ya upana wa dirisha, yaani mita 3, na urefu tuseme mita 2.2, hapo una mita za mraba 6.6. Ukiweka shia ya gramu 80 ni kama nusu kilo tu, karibu kila njia itaibeba. Ukiweka kitambaa cha gramu 250 unafika kilo 1.65, na cha gramu 350 ni kilo 2.3, na hapo hujaongeza fimbo yenyewe wala pete zake. Kama pazia unalo tayari hesabu zote hizi achana nazo, lining'inize kwenye mzani wa kupimia mabegi, au panda mzani wa kawaida ukiwa umelishika, afu panda bila hilo pazia, toa, basi.

Ila kumbuka pazia linavutwa. Kila asubuhi na kila jioni kuna mkono unalivuta, na kama kuna mtoto ndani ya nyumba basi kuna siku atajificha nyuma yake na kuning'inia. Kwa hiyo kama kishikizo kimeandikwa kinabeba kilo 2 usikipe kilo 2, mimi nakipa nusu yake, kilo 1, sizidishi hapo.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni fimbo ya springi, ile ya kubana. Ni mabomba mawili, moja limeingia ndani ya lingine, ndani kuna springi, na kwenye ncha kuna raba. Unaizungusha inarefuka mpaka inabana kuta mbili za pembeni ya dirisha, na msuguano wa zile raba ndio unabeba kila kitu, hakuna gundi wala msumari. Uzuri wake haibandui rangi na unaitoa kwa dakika moja ukitaka kufua. Lakini inahitaji dirisha ambalo limeingia ndani kidogo ya ukuta, yaani kuna kuta mbili zinazotazamana. Kama dirisha lako liko usawa mmoja na ukuta, fimbo haina pa kubana, hapo nenda kwenye njia nyingine. Na kama dirisha linafungukia ndani, fimbo ikikaa kwenye ile nafasi itazuia dirisha kufunguka, hili watu hawalifikirii mpaka wameshanunua.

Upana upime sehemu 3, juu, katikati na chini, maana pembeni za madirisha mengi hazijanyooka, na kipimo cha kufuata ni cha pale fimbo itakapokaa. Afu wakati wa kununua angalia ile namba ya urefu, tuseme fimbo inarefuka kutoka sentimita 70 mpaka 120 na dirisha lako ni sentimita 115, usiichukue hiyo. Fimbo ikishavutwa karibu na mwisho wake lile bomba jembamba la ndani linakuwa limetoka nje karibu lote, katikati inapinda, na ikipinda zile ncha zinageuka kidogo, raba inagusa ukuta kwa ukingo tu badala ya kugusa uso mzima, na hapo ndipo inapoanza kuteleza taratibu bila wewe kuona. Chukua inayoanzia 100 na kuendelea, na ya bomba nene kama unaipata.

Kuifunga nako kuna namna yake. Usiirefushe mpaka iguse tu ukuta ukadhani imebana. Irefushe izidi upana wa dirisha kwa sentimita 2 au 3, ibane kwa mikono miwili ili springi iingie ndani, iweke pale juu, iachie. Kabla ya hapo futa zile sehemu mbili raba zitakapokaa na kitambaa kikavu, vumbi ndilo linalofanya raba iteleze. Tumia pima maji kuona kama iko sawa, kama huna, simu nyingi zina programu ya hiyo kazi. Halafu ivute kwa chini na mkono wako kabla hujaweka pazia, kama inashuka bora ishuke mkononi mwako. Na kama rangi ya ukuta ni nyeupe na raba ni nyeusi weka kipande chembamba cha raba nyeupe au ngozi laini katikati, maana raba nyeusi ikikaa miezi inaacha alama ambayo haitoki kirahisi.

Sasa vishikizo vya gundi, vile vya kubandika ukutani na fimbo ikakaa juu yake. Hapa ndipo watu wanaumia na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu lawama zote huwa zinaenda kwa gundi wakati mara nyingi gundi haina kosa. Gundi haijashika ukuta, imeshika rangi, na rangi ndiyo imeshika ukuta, kwa hiyo nguvu yako ni ile ya rangi. Ukuta wa rangi ya maji ya bei ya chini, ile ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe, hata uweke gundi gani itabanduka tu, na itabanduka na tabaka zima la rangi. Jaribu kwanza, pitisha kiganja ukutani, kikitoka na unga sahau kabisa habari za kubandika. Ukuta wa plasta yenye mchanga unaokwaruza nao vilevile, gundi inagusa vile vichwa vya mchanga tu, sehemu kubwa iko hewani. Wolpepa pia usibandike, itachanika. Panapofaa ni rangi ya mafuta iliyokauka vizuri, marumaru, kioo, mbao iliyopigwa vanishi, chuma.

Jambo la pili ni jinsi uzito unavyovuta. Gundi ina nguvu sana ukiivuta kwenda chini sambamba na ukuta, ila ni dhaifu mno ukiivuta kutoka ukutani kuanzia kwenye ukingo, ni kama stika tu, huwezi kuiburuza lakini ukipata kona yake inatoka yote. Sasa kishikizo cha fimbo ya pazia kimejitokeza mbele ya ukuta, sentimita 5, 8, wengine 10, na uzito wote uko huko mbele, kwa hiyo sehemu ya juu ya kile kibandiko inavutwa kutoka ukutani mchana na usiku. Ndio maana kishikizo kinachosema kilo 2 kwa kutundika picha hakiwezi kubeba kilo 2 za pazia. Chagua chenye bapa refu kwenda juu na chini, na fimbo ikae karibu na ukuta kadiri inavyowezekana, na kama dirisha ni pana ongeza cha tatu katikati.

Ubandikaji wenyewe: futa pale mahali kwa spiriti, sio sabuni, sabuni inaacha utando. Acha pakauke. Bandika, bonyeza kwa nguvu sekunde 30 kamili, uhesabu kweli usikisie, halafu usitundike kitu. Maelezo ya gundi nyingi yanasema subiri saa 1 na mimi nasubiri mpaka kesho yake kwa sababu sioni haraka ya nini. Kama ukuta umepakwa rangi karibuni subiri angalau siku 7 kabla hata ya kubandika. Na joto, jamani, joto! Vibandiko vingi vimetengenezwa kwa nyuzi kama 10 mpaka 40, na ukingo wa dirisha linalopigwa na jua la mchana unapita hapo bila shida, gundi inalainika na inaanza kushuka milimita kwa milimita. Bafuni na karibu na jiko la kupikia mvuke nao unafanya kazi hiyo hiyo, huko weka fimbo ya springi tu.

Sumaku watu wanaisahau na ni njia safi sana. Kama fremu ya dirisha au mlango ni wa chuma, au dirisha lina grili kwa ndani, zipo fimbo bapa zenye sumaku nyuma, unagusisha imekaa. Chukua sumaku yoyote ndogo ujaribu kwanza, fremu nyingi za siku hizi ni za aluminiamu na sumaku haishiki aluminiamu hata uiombe. Ni kwa shia na vipazia vifupi, sio vile vizito. Na grili yenyewe ukiwa nayo huhitaji hata sumaku, funga fimbo kwa vibanio vya plastiki vile vya kufungia nyaya, vinabeba uzito wa kutosha na siku ya kuondoka unakata na mkasi.

Kama fremu ni ya mbao ongea na mwenye nyumba vizuri, maana wengi wanaokataa kutoboa ukuta hawana shida na kijiskrubu kidogo cha kusokota kwa mkono juu ya fremu ambako hakuna mtu anaona, na hapo unavuta waya wa pazia ule wenye springi ndani ukabeba shia yako bila tatizo. Omba ruhusa kwanza, kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha.

Na kwa yale mapazia mazito kweli, kilo 3, 4, ya sakafuni mpaka karibu na dari, usihangaike na gundi. Kuna nguzo za kubana kati ya sakafu na dari, mbili, moja kila upande wa dirisha, na fimbo inapita juu yake, uzito wote unashuka sakafuni. Angalia tu dari yako, kama ni jipsam usikaze sana katikati ya ubao, itapasuka, gonga kwa kidole utafute pale sauti inapokuwa nzito, hapo kuna mbao au chuma nyuma yake.

Ukifua pazia usilitundike likiwa bado linachuruzika eti likaukie hapo hapo linyooke. Pamba ikilowa inabeba maji mengi, uzito unaweza kuwa mara mbili, na ile fimbo uliyoipimia kwa kitambaa kikavu inakuja chini. Likauke kwanza kambani ndio lirudi.

Siku ya kuhama, vile vibandiko vyenye mkia, yaani kile kipande cha kuvutia kinachotokeza chini ya kishikizo, usivivute kuja kwako. Shika kishikizo kwa mkono mmoja kisiruke, vuta mkia kwenda chini kabisa, sambamba na ukuta, polepole, unarefuka unarefuka, wakati mwingine unafika sentimita 15 au zaidi, mpaka kishikizo kinaachia chenyewe. Mkia ukikatika, pasha pale joto kwa mashine ya kukaushia nywele nusu dakika hivi, kisha chukua uzi wa kusafishia meno upitishe nyuma ya kishikizo kutoka juu kwenda chini kama unakata, na gundi inayobaki ukutani isugue kwa kidole gumba ikiwa bado ina joto, itajiviringisha na kutoka bila kugusa rangi.