Bajeti ilipokatwa, nilianza kuhesabu hata wasioazima

Barua ililetwa siku ya soko na kijana wa bodaboda, ambaye kabla ya kunikabidhi bahasha alitaka kwanza nauli yake. Kwa kifupi ilisema hivi: kuanzia Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza, fungu la matumizi la maktaba yetu linashuka kutoka Sh 320,000 kwa mwezi hadi Sh 110,000, na vituo viwili vya juu "vifikiriwe kufungwa". Nikamlipa bodaboda elfu mbili yake. Nayo nikaiandika kwenye daftari la matumizi, kwa hasira.

Maktaba yetu iko mlimani, juu ya mji wa Moshi. Ni chumba kimoja kikubwa karibu na soko, pamoja na vituo viwili vidogo: kimoja kwenye jengo la zamani la chama cha msingi cha kahawa, kingine kwenye chumba cha shule ya msingi huko juu karibu na msitu. Ukimwambia mtu maktaba, mawazo yanamwendea Maktaba ya Mkoa pale mjini, au ile Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Sisi wa vijijini tunajishikiza: mchango kidogo wa huku, fungu dogo la kule, na kamati ya watu saba wanaokuja kikaoni bila posho.

Nilianza vibaya. Niliandika barua ya kurasa tatu nikieleza kwamba maarifa ni mwanga na kwamba taifa lisilosoma limepotea. Nikaipenda mwenyewe. Sikujibiwa.

Mzee mmoja wa kamati akaniomba nakala. Huyu alipima kahawa ya chama kwa miaka mingi, na akiitaja KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro kilichoanzishwa 1933, utadhani anamtaja babu yake mzaa baba. Akasoma, akavua miwani. "Mwanangu, sisi tulipokuwa tunauza kahawa hatukuandika kwamba kahawa ni tamu. Tuliandika kilo."

Sikuwa na kilo. Rejesta yetu ilionyesha vitabu vilivyoazimwa tu, na vilikuwa vichache kiasi cha kuniaibisha. Basi nikanunua kaunta buku, nikaiweka mlangoni na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kwa wiki sita mimi na msaidizi wangu tukamwandika kila aliyeingia, saa aliyoingia, na alichokuja kufanya.

Wiki ya pili tu nilishaanza kuona. Kwa kila aliyeazima kitabu, wanne waliingia na kutoka mikono mitupu, nao wote walikuwa wamehudumiwa. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuja kujisomea kwa sababu nyumbani kuna taa moja na wadogo watano. Kijana alijaziwa fomu ya Bodi ya Mikopo. Mama alileta barua ya benki asomewe, akaomba mlango ufungwe kwanza. Wazee walisoma gazeti. Wote hawa, katika taarifa zangu za miaka yote, hawakuwahi kuwepo. Mwenye kosa hapo nilikuwa mimi, wala si waliokata fedha.

Daftari lilionyesha na jambo jingine ambalo sikulitaka. Asubuhi za siku zisizo za soko tulikuwa tunafungulia viti. Watu wetu wako shambani, watoto wako darasani. Tulijaa siku mbili za soko, na kila siku kuanzia saa tisa alasiri hadi giza. Kwa hiyo nikafuta asubuhi tatu. Kwenye karatasi lilikuwa jambo jepesi. Usoni mwa msaidizi wangu, binti aliyemaliza kidato cha nne na anayelipwa kwa siku, halikuwa jepesi hata kidogo. Nilimwambia mwenyewe, si kwa barua. Akajibu, "Sawa mama," kisha akaenda kupanga rafu ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Magazeti ya kila siku tuliyasimamisha. Mwenye duka jirani anatupa la jana, na wazee wamezoea isipokuwa kwenye mpira: hakuna anayetaka kusoma leo kwamba Simba walifungwa juzi. Tukaanza kuchaji simu kwa shilingi 300, fedha inayoenda moja kwa moja kwenye umeme wa LUKU. Kamati iligombana nusu siku kuhusu hilo. Mimi nilishikilia jambo moja tu, kwamba kusoma hakulipiwi. Meza tukazisogeza madirishani, ingawa Julai ukungu wa mlima ukishuka, saa kumi huoni herufi.

Vitabu vipya tulisahau. Tukaanza kutibu vya zamani. Kuna kijitabu kimoja cha magonjwa ya kahawa, namba 633.73 mgongoni, kilichosomwa hadi ukurasa wa chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, ukawa kahawia kwa vidole gumba vya wakulima na kuachana kabisa na wenzake. Nilipika uji mzito wa unga wa ngano, nikaupaka kwa brashi ya rangi, nikabandika mgongoni kipande cha shuka kutoka kwa fundi cherehani, kisha nikakilaza usiku mzima chini ya jiwe la kusagia. Kimerudi kazini. Gundi hiyo inapendwa sana na mende, kwa hiyo usiipake kama siagi.

Kituo cha chama cha msingi kilinusurika. Cha shuleni nilikifunga. Daftari lilikuwa wazi: shule ikifunga, kituo kilikuwa na watu wawili kwa wiki, na ujira wa mlinzi uliliwa bure. Ila watu wawili ni watu, na mmoja wao alinifuata sokoni kuniuliza nilikuwa nimemkosea nini.

Ndipo tukajaza vitabu 40 kwenye tranka, lile la bati la wanafunzi wa bweni, tukalipandisha huko. Mara ya kwanza nililiweka kwenye genge. Kosa. Nilipofika baada ya wiki mbili niliuziwa vitumbua vimefungwa kwenye ukurasa wa jiografia, kidato cha pili. Nilivila, maana nilikuwa na njaa, na ukurasa nikarudi nao.

Mara ya pili nikafikiri: huku juu watu wanakaa wapi bila kazi mikononi? Mashine ya kusaga. Mama akileta debe la mahindi anasubiri zamu saa nzima, na mtoto yuko pembeni. Msagaji akakubali, bora tu asiandikishwe chochote. Nilimpa chaki, anachora mstari ukutani kwa kila kitabu kinachotoka, na anaufuta kikirudi.

Nilipopeleka taarifa ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, wa namba. Safari hii waliita kikao. Hawakurudisha yote, tumefikia Sh 180,000, na binti amerudishiwa asubuhi moja kati ya zile tatu. Kituo cha shuleni hakijafunguliwa.

Ijumaa iliyopita tranka lilishuka kwenye gari la ndizi. Vitabu vilitoa vumbi jeupe nilipovipiga kwa kiganja, na chumba kizima kikanukia unga. Nikahesabu 37. Nikampigia msagaji. "Madam, vile vitatu viko kwa mama mmoja wa huku kwetu. Amesema mtoto amebakiza kurasa chache, na mstari wake sijaufuta."

Nikaandika kwenye daftari: 37. Pembeni yake: 3, vinasomwa.