Karthala: piga hesabu ya maji kabla ya miguu

Mtu wa Unguja au Pemba anayetaka kuona volkano hai ndani ya hifadhi ya taifa hana haja ya kwenda mbali. Karthala iko Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, na kilele chake kina mita 2,361 kutoka usawa wa bahari. Miguu ina kazi yake, lakini kinachorudisha watu nusu ya njia kwa kawaida ni maji.

Sababu iko kwenye jiwe lenyewe. Ngazidja hupata mvua nyingi, lakini haina mito ya kudumu, maana lava ikishapoa hubaki na matundu na nyufa, maji yakadidimia papo hapo. Aliyezoea maweni ya Makunduchi au Micheweni anaijua tabia hiyo ya ardhi. Kwetu lakini ukichimba kisima utayakuta. Kule mlimani hakuna pa kuchimba. Wanavijiji hukinga mvua kwenye mabirika, na mlima ulipomwaga majivu mwaka 2005 mabirika mengi yaliharibika, watu wakahangaikia maji ya kunywa. Kwa hiyo usipange kujaza madumu kwenye birika la mtu njiani. Beba lita 5 kwa kila mtu kwa safari ya kulala usiku mmoja: 2 za kupandia, 1 na nusu za jioni pamoja na kupikia, 1 na nusu za kushukia. Hizo ni kilo 5 mgongoni kabla hujatia chakula, ndiyo maana inafaa kukodi mchukuzi pamoja na kiongozi. Maji ya udhu hayamo humo. Ama uongeze, ama ujiandae kwa tayamamu.

Nenda kipupwe. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hupungua, na njia haitelezi sana. Ndege hutua Hahaya, kaskazini ya Moroni, mji mkuu. Chukua euro: faranga ya Komoro imefungwa kwenye sarafu hiyo, euro 1 kwa faranga kama 492. Mtungi mdogo wa gesi hauruhusiwi kwenye ndege, basi ulizia jiko na gesi Moroni, au panda na chakula kisichohitaji moto: tende, chapati, mayai ya kuchemsha. Lugha haitakutesa, ila jua kwamba “marahaba” kule ni asante. Ukiambiwa hivyo na mzee, usidhani anakuitikia shikamoo.

Njia inayotumika sana huanzia Mvouni, juu ya Moroni. Kupanda ni saa sita mpaka nane za mwendo. Anza mara baada ya swala ya alfajiri, kwa sababu mawingu huukumbatia mlima kadiri jua linavyopanda, na ukichelewa utafika ukingoni mwa bonde la volkano usione kitu. Mwanzo unapita mashamba ya migomba, mihogo na milangilangi, yenye harufu kama ya shamba la kwetu. Halafu msitu wenye unyevu, mizizi imetandazwa njiani na kuvu kwenye mawe. Hapo ndipo watu huteleza. Juu ya msitu miti inakuwa mifupi, migumu, yenye vijani vidogo kama sindano. Usiwashe moto wa kuni hapo. Vichaka hivyo vikikauka hushika upesi, na vikiungua juu ya ardhi ya majivu huchukua muda mrefu kurudi.

Baridi nayo usiidharau. Joto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, hivyo Moroni ikiwa na nyuzi 27, ukingoni ni kama 13, na usiku chini ya hapo, pamoja na upepo. Sweta moja halitoshi. Weka nguo kavu za kulalia ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na usizivae wakati wa kupanda hata ukihisi baridi, kwa sababu jasho litazilowesha. Piga hema chini kidogo ya ukingo, upande uliokingwa na upepo.

Ukifika juu, tazama chini ya viatu vyako kwanza. Majivu ni meusi, chengachenga, na kila hatua inazama na kurudi nyuma nusu. Lava iliyoganda ina makali kuliko jiwe la matumbawe: ukianguka na kushika kwa kiganja, inachana. Glavu za kazi za shambani zinatosha. Mbele yako bonde la volkano lina upana wa kilomita kadhaa, na ndani yake shimo la Chahalé.

Usiteremke bondeni bila kiongozi kukubali. Baadhi ya gesi za volkano ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni, na nyingine hazina harufu. Mwaka 1903 gesi ya Karthala iliua watu 17. Ukisikia harufu ya yai viza, au kichwa kikaanza kuuma ghafla, panda juu kwenye upepo, usikae kutafuta inakotoka. Baada ya 2005 mlima ulilipuka tena 2006 na 2007, hivyo siku moja kabla ya kupanda muulize kiongozi kituo cha kuangalia volkano kinasemaje.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, kaza kamba za viatu kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, na piga hatua fupi. Lita moja na nusu ile ya mwisho usiiguse mpaka uanze kushuka.