Maktaba: tazama mwanga na uzito kabla ya mapambo

Orodha za maktaba nzuri duniani hujaa picha za dari zilizochorwa na ngazi za mbao zinazojizungusha. Zinapendeza, lakini hazionyeshi jengo linavyofanya kazi. Ukisimama ndani ya maktaba yoyote, jiulize kwanza mambo mawili: mwanga unaingilia wapi, na uzito wa vitabu unashukia wapi? Msanifu aliyeyajibu hayo amemaliza sehemu ngumu.

Tuanze na uzito, maana ndio unaosahaulika. Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu huwa na kilo 30 hadi 40 hivi, kutegemea karatasi. Kabati la chuma la pande mbili, lenye upana wa sentimita 90 na rafu saba kila upande, hubeba mita 12.6 za vitabu. Hiyo ni karibu nusu tani, nayo imesimama mahali pasipofika mita moja ya mraba. Ndiyo maana viwango vya ujenzi vya Marekani hudai sakafu ya chumba cha rafu ihimili kilopaskali 7.2, takriban kilo 730 kwa kila mita ya mraba, ilhali chumba cha kusomea hutakiwa kuhimili kilopaskali 2.9 tu. Makabati yanayosukumwa juu ya reli ili yabanane huongeza mzigo huo hata mara mbili. Hatari huja pale chumba cha kusomea kinapogeuzwa ghala la vitabu kimyakimya bila mhandisi kuulizwa. (Ile hadithi ya maktaba inayodidimia ardhini kwa kuwa msanifu alisahau kupima vitabu husimuliwa katika vyuo vikuu vingi. Ni uzushi.)

Ubao wa rafu nao una hesabu yake. Kupinda kwake hukua kwa kipeo cha nne cha urefu. Ukitoka sentimita 80 hadi 100, unene ukiwa uleule na vitabu vimejaa vilevile, kupinda kwa ubao kutakuwa karibu mara mbili na nusu ya kule kwa awali. Warefushaji wa rafu hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Karne ya 19, msanifu Mfaransa Henri Labrouste alitumia chuma kutatua mambo yote mawili kwa pamoja. Maktaba yake ya Sainte-Geneviève jijini Paris, iliyofunguliwa 1851, ina safu ya nguzo nyembamba za chuma cha kalibu katikati ya ukumbi, zikibeba matao ya chuma yaliyoachwa wazi bila kufichwa. Kwa mawe, nguzo hizo zingekuwa nene kiasi cha kumeza nusu ya mwanga. Mimi naona kazi yake kubwa zaidi ni ile ya 1868, maktaba ya taifa ya mtaa wa Richelieu. Wageni hupiga picha kuba tisa zinazokaa juu ya nguzo 16 zenye urefu wa mita 10, kisha huondoka. Ujanja wenyewe ulikuwa nyuma, kwenye ghala la vitabu: paa la kioo, na sakafu za vyuma vyenye matundu, mwanga ukadondoka kutoka ghorofa hadi ghorofa mpaka chini bila taa hata moja.

Lakini mwanga huohuo ndio adui. Mionzi ya jua hupausha majalada na kuifanya karatasi iwe ya manjano na kukatika ovyo, na karatasi haiponi. Kwa hiyo kazi si kuingiza mwanga mwingi. Kazi ni kuuvunja nguvu kabla haujamfikia msomaji. Hapa simwoni wa kumshinda Alvar Aalto, msanifu wa Ufini. Katika maktaba ya Viipuri ya mwaka 1935, mji ambao leo ni Vyborg nchini Urusi, alitoboa paa matundu 57 ya mviringo, kila moja na kipenyo cha mita 1.8, yenye kuta ndefu za umbo la pia. Alijua kwamba jua la pale halipandi juu ya nyuzi 52 hivi, basi akayapa matundu kina cha kutosha ili miale isipenye moja kwa moja. Mwanga hugonga kuta za tundu, hutawanyika, na kushuka kutoka pande nyingi, hata mkono wa msomaji hautupi kivuli kizito juu ya ukurasa. Ukinakili umbo hilo ukalipeleka karibu na ikweta, ambako jua la adhuhuri hufika utosini, utapata duara kali la jua juu ya meza.

Beinecke, maktaba ya vitabu adimu ya Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, 1963, ilichukua njia nyingine. Msanifu wake, Gordon Bunshaft, hakuweka dirisha lolote ukutani, bali mabamba ya marumaru yenye unene wa sentimita 3 na ushei. Nje yanaonekana jiwe tupu. Ndani yanang'aa rangi ya kaharabu. Mnara wa vitabu umefungiwa ndani ya kioo chake wenyewe, na vitabu vinavyoingia hugandishwa kwanza kwa nyuzi 36 chini ya sifuri kwa siku tatu ili kuua wadudu. Kule Coimbra, Ureno, maktaba ya Joanina ya karne ya 18 huwategemea popo. Huwinda wadudu usiku, na meza hufunikwa kwa ngozi kabla ya kufunga, kwa sababu popo hawana adabu.

Makosa yapo pia. Maktaba ya taifa ya Ufaransa ya Dominique Perrault, iliyofunguliwa kwa umma 1996, ina minara minne ya kioo yenye urefu wa mita 79, kila mmoja mfano wa kitabu kilichofunguliwa. Vitabu viliwekwa juu kwenye kioo, wasomaji chini kuzunguka bustani. Ikabidi minara ifungwe mbao kwa ndani ili kukinga jua ambalo kioo kiliwekwa kulialika.

Tianjin Binhai nchini China, 2017, hupendwa sana mitandaoni kwa rafu zake zinazopanda kama mawimbi hadi darini. Vyumba vya kuzifikia rafu za juu kwa nyuma vilifutwa ili ujenzi uende haraka. Vitabu unavyoviona kule juu ni picha zilizochapwa kwenye mabamba ya alumini.

Maktaba kuu ya Seattle, 2004, haina uzuri wa picha kiasi hicho, ila ilitatua kero ambayo kila mkutubi anaijua: somo moja likikua, vitabu huhamishwa ghorofa nyingine na mpangilio hukatika. Ofisi ya Rem Koolhaas ililaza rafu kwenye mteremko mpole unaopanda mfululizo ghorofa nne, namba za Dewey, zinazopanga vitabu kwa somo, zikafuatana mwanzo hadi mwisho. Somo likinenepa, jirani yake husogea kidogo tu. Maktaba ya Mansueto huko Chicago, 2011, iliondoa rafu mbele ya macho kabisa: wasomaji wako chini ya kuba la kioo, na chini ya ardhi kuna nafasi ya vitabu milioni 3.5 vinavyochukuliwa na mashine. Vimepangwa kwa ukubwa, si kwa somo, hivyo huwezi kupita mbele yake ukakutana na kitabu ambacho hukukitafuta.