Nilivyojifunza kubana dizeli, na siku ubahili uliponilaza jangwani

Nianze na fri, yaani kuteremka gia ikiwa haijashika, maana ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Kila kijana wa kwetu anayetua hapa Ohio na kupata leseni ya semi, wiki ya kwanza tu anapigiwa simu na mjomba fulani aliyeendesha Scania njia ya Tunduma miaka ishirini: "Mwanangu, mteremko ni wa bure. Piga fri, mafuta yanakaa." Mimi pia nilipigiwa. Tena mimi nimekuwa utingo njia hiyo hiyo. Nimeshuka mlima Kitonga na bosi aliyepiga fri, gogo la kuwekea tairi nimelipakata, mlango uko wazi nusu ili niwahi kuruka. Kwa hiyo kwamba ni hatari nilijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba hata hayo mafuta yenyewe hayakai.

Nilijaribu Jumapili moja asubuhi, tela tupu, kwenye mteremko mrefu usio mkali wa barabara kuu ya I-70 magharibi mwa Pennsylvania. Dashibodi ina namba inayoonyesha unatembea maili ngapi kwa galoni sekunde ileile. Nikaweka N. Namba ikapanda: 40, 50, ikafika 60 na ushee. Nikajipigia makofi moyoni. Mteremko uliofuata nikaacha gia ilivyo, nikatoa mguu tu kwenye pedali. Namba ikaruka mpaka 99.9 ikakaa pale pale, kwa sababu haiwezi kuandika zaidi ya hapo. Nikarudia kilima cha tatu na cha nne kama mtoto aliyepata swichi ya taa. Injini za siku hizi, matairi yakiwa ndiyo yanayoizungusha na wewe umetoa mguu, kompyuta inafunga nozeli kabisa, halipiti hata tone. Ukipiga fri, injini inabidi ichome mafuta isizimike. Nikampigia mjomba. Akasema labda dashibodi za Wazungu zina hitilafu.

Lori langu ni la mwaka 2019, nililichukua mkononi mwa mtu likila maili 6.2 kwa galoni. Sasa linakwenda 7.8. Kwa hesabu ya kwetu ni kutoka kilometa 2.6 kwa lita hadi 3.3, na hilo ni gari ambalo likijaa lina tani 36 barabarani. Sikufanya muujiza. Niliacha kukimbia 70 nikashuka 62, na siku nzima hilo linanigharimu kama saa moja na matusi ya watu wanaonipita. Kila Jumamosi napima upepo wa tairi zote 18 kwa geji, si kwa kugonga na nyundo. Na nilifunga kile kiinjini kidogo cha kuendesha kiyoyozi usiku, kwa sababu kulala huku injini kubwa inanguruma ni karibu galoni nzima kila saa, unaota huku pesa inatoka kwenye bomba la moshi.

Halafu sketi. Haya mabati, au siku hizi plastiki ngumu, yanayoning'inia ubavuni mwa tela kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, sisi wote tunayaita sketi. Nilinunua tela langu la baridi la futi 53 bila sketi, kwa bei nzuri, nikajiona mjanja. Dalali wa mizigo akaniuliza kama naweza kupakia California. Nikasema kwa nini nisiweze? Akacheka. California ina kanuni yake: tela la boksi la urefu ule haliruhusiwi kuvutwa kule bila vifaa vya kupunguza ukinzani wa upepo, kama hizo sketi, na tairi zisizokwama sana barabarani. Ubaya ni kwamba saladi ya Marekani kiangazi inatoka bonde la Salinas, California, na wakati wa baridi inahamia Yuma, Arizona. Ukiwa na tela la baridi bila ruhusa ya California, umenunua friji la kuegesha uani. Nikatoa kama dola elfu moja na mia tano pamoja na ufundi, nikilaani njia nzima. Wiki ya tatu nikaona kwenye kompyuta lile lori limeongeza karibu nusu maili kwa galoni. Sikuwaambia wenzangu, maana nilikuwa nimelaani mbele yao.

Serikali kuu nayo ina kanuni zake za ulaji wa mafuta kwa malori makubwa. Za kwanza kabisa zilitangazwa 2011, awamu ya pili 2016, ila hizo zinambana mwenye kiwanda, si wewe uliyekaa kwenye usukani. Wewe unazikuta tayari ndani ya lori: umbo la pua, gia zinazojibadilisha zenyewe, kompyuta inayokunyima kukanyaga kama kichaa. Usigombane nazo. Kinachomuua dereva kipo kwenye kanuni za moshi, nitafika.

Ujanja ninaojivunia zaidi hauhusu hata injini. Ni kodi. Mwanzoni nilikuwa nafanya kama kila mtu: natafuta kituo chenye namba ndogo kwenye bango. Mzee mmoja Mhindi, dereva mwenzangu, aliniona najaza Ohio kabla ya kuvuka kwenda Pennsylvania, akatikisa kichwa. Akanifungulia daftari. Sisi wa masafa marefu kodi ya mafuta hatulipi pale ulipojaza, tunalipa kwa maili ulizotembea katika kila jimbo, hesabu inafungwa kila miezi mitatu. Kodi uliyolipa kwenye pampu inahesabiwa kama tayari umeitoa. Kwa hiyo bei ya bango ni danganya toto, toa kodi ya jimbo kwanza. Mwaka 2022 kodi ya dizeli Ohio ilikuwa senti 47 kwa galoni, Pennsylvania senti 74.1. Sasa kituo cha Ohio kimeandika 5.20, cha Pennsylvania 5.40. Ukitoa kodi, Ohio unabaki na 4.73, Pennsylvania na 4.66 hivi. Ile yenye bango kubwa ndiyo rahisi! Miaka miwili nilikuwa navuka mpaka tanki limejaa mafuta ya ghali huku nikipiga mluzi.

Haya, Juni 2022. Ndiyo mwezi ambao wastani wa dizeli nchi nzima ulipita dola 5.80 kwa galoni, na California ilikuwa inakaribia 7. Mimi nilikuwa nimelewa kubana. Kila kitu nilikipima. Na hapo ndipo ninapowaeleza habari ya madumu.

Lori la kisasa haliendi kwa dizeli peke yake. Linataka na ile dawa ya kusafisha moshi, kwenu mnaiita AdBlue, huku wanaiita DEF. Ni urea asilimia 32.5, inayobaki ni maji safi. Ni urea ileile ya mbolea ya mahindi, ila iliyosafishwa zaidi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeokota madumu 12 kwenye mnada wa vyombo vya shamba Indiana, kwa bei ambayo hata sisemi. Nikayapanga kwenye sanduku la ubavuni la lori. Yakakaa humo kiangazi kizima, Arizona, Texas, New Mexico, lile bati likiwaka kiasi cha kukaanga yai. Ile dawa ikipita nyuzi 30 za Selsiasi kwa muda mrefu inaanza kuoza, na dumu lina tarehe yake. Mimi tarehe nilisoma? Niliyasoma madumu kwa macho ya bahili.

Nikapakia Salinas, mapaleti 20 ya saladi, tani kama 18, joto la tela nyuzi 34 za huku, yaani moja ya kwetu. Safari hadi ghala la Columbus, Ohio, ni siku nne ukifuata saa za sheria, 11 za kuendesha kwa siku na 10 za kupumzika. Nikiwa Barstow, California, kwa kuwa pampu ya DEF ilikuwa na bei ya kutisha, nikamimina madumu sita. Galoni 15. Nikafuta mikono.

Kesho yake mchana, umepita Gallup unaelekea Grants, New Mexico, taa ya njano. Halafu maandishi kwamba ubora wa dawa si sahihi. Halafu nguvu ikapungua, kilima kidogo tu gari linapanda likihema kama mzee mwenye pumu. Halafu ikaja hesabu: baada ya muda fulani kasi itafungwa maili 5 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mkokoteni wa Kariakoo, na mkokoteni unaweza kupita kwenye foleni. Injini haina ugonjwa wowote. Ni kompyuta inakuadhibu kwa sababu moshi wako unaweza kuwa mchafu. (Mwaka 2025 EPA, mamlaka ya mazingira ya huku, ilitangaza kulegeza adhabu hiyo, kuanzia malori ya 2027 gari lisikatwe nguvu ghafla namna hiyo. Asanteni. Mmechelewa miaka mitatu.)

Nilijikokota hadi Grants. Mwenzangu mmoja, mtu wa Bukavu aliyekuwa nyuma yangu na mzigo wa stroberi, akasimama. Akafungua kifuniko cha tanki, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili. "Ndugu, hii gari imekunywa mukojo." Na kweli, ilikuwa harufu ya choo cha stendi saa nane mchana. Kabla hajaondoka akanishauri, kwa nia njema, nikifika nyumbani ning'oe mfumo wote niwe huru. Ushauri huo mtaupata kila kituo. Ni kosa kisheria, faini yake ni ya maelfu, na siku ukitaka kuuza lori hakuna atakayeligusa.

Fundi wa pale alitaka kubadilisha sensa, pampu na tanki, bili kama elfu nne, na vipuri vije Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi. Tela lina injini yake, kwa hiyo saladi ilikuwa baridi, lakini saladi haisubiri Jumatatu. Ikikatwa shambani ina wiki mbili hivi mpaka iwe uchafu, na siku nne za kwanza ni zangu. Nikamwomba fundi jambo moja: tutoe dawa yote, tuoshe tanki na maji yaliyokenekwa. Akasema haitasaidia. Nikaenda dukani nikanunua galoni zote nane za maji ya chupa yale ya kuwekea pasi, keshia akaniuliza nina nguo ngapi. Tukasuuza mara tatu, tukasuuza na mpira wa kupeleka dawa, nikajaza mpya kutoka pampu, siyo dumu. Fundi akachomeka kompyuta yake, akafuta kosa, akaliwasha, akaliacha lingurume kwa moto mkali dakika arobaini hivi uani. Taa ikazimika. Alinitoza mia tatu na kitu na hakunitazama usoni.

Nilifika Columbus nimechelewa zamu moja. Mpokeaji, mama mmoja mwenye koti la baridi mwezi wa sita, akachoma kipimajoto katikati ya kichwa cha saladi, akatoa, akachoma kingine. Nyuzi 36. Akasema ghala lao lote lilikuwa limebakiwa na saladi ya siku mbili, na malori mawili ya mbele yangu hayakuja kabisa. Akagonga muhuri.

Kaka yangu analima mahindi Mbozi. Msimu ule alikuwa amenunua mfuko wa urea kwa zaidi ya laki moja, ruzuku ilikuwa bado haijaja. Nilimsimulia yote haya nikitarajia anionee huruma. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza galoni 15 zile zina urea kiasi gani. Nikapiga hesabu, kama kilo 20.

"Na mmeimwaga?"

"Ilikuwa imeoza, kaka."

"Huko hakuna mtu mwenye hata bustani?"