Kumbukumbu ya Mradi: Saro 5 na Supa kwa Kilimo Hai, Mkindo

Aprili. Kati ya aina mbili za mpunga ninazolinganisha, Saro 5 imekwisha kutoa masuke, na Supa, ambayo hukawia kukomaa, ndiyo kwanza inabeba mimba. Mradi huu unatafuta jibu la swali moja: katika skimu ya umwagiliaji ya Mkindo, wilayani Mvomero, Morogoro, mkulima asiyetumia mbolea ya viwandani wala dawa ya magugu apande mbegu ipi ili shamba limlipe?

Rutuba iliandaliwa tangu vuli kwa marejea, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo, ambayo yalifukiwa yalipoanza kuchanua, kisha ikaongezwa samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Mabua ya msimu uliopita hayakuchomwa, bali yalifukiwa mapema, kwa kuwa yakifukiwa karibu na siku ya kupandikiza, vijidudu vinavyoyaozesha huitumia naitrojeni ya udongo na miche hubaki ya manjano.

Mbegu zilichambuliwa kwa maji yaliyokolezwa chumvi mpaka yai bichi likaelea. Zilizoelea zilitupwa, zilizozama zikasuuzwa na kusiwa kitaluni. Kuanzia hapo nimefuata kilimo shadidi, mbinu iliyoanzia Madagaska katika miaka ya 1980: miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kila shimo, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Kila mita ya mraba hubeba mashina 16 tu, na wapita njia walinipa pole wakidhani nimeishiwa mbegu.

Maji huingizwa, huachwa yakauke mpaka udongo ufanye nyufa nyembamba, ndipo huingizwa tena. Juzi niling'oa shina moja katikati ya jaruba, nikakuta mizizi myeupe iliyojaa vinyweleo. La kwenye kona ambako maji hutuama lilikuwa na mizizi myeusi, yenye harufu ya yai viza. Ubaya wa mbinu hii ni magugu, ambayo huota kwa fujo ardhi isipofunikwa na maji. Palizi ya kusukuma hupita kati ya mistari, lakini ndago zilizo karibu na shina hung'olewa kwa mkono, na fedha iliyookolewa kwenye urea huishia kwa vibarua.

Saro 5, iliyoidhinishwa mwaka 2002 kwa jina la TXD 306, ni fupi, haianguki, na imechipua vizuri kuliko mwenzake. Hata hivyo, naegemea Supa. Ni ndefu, na ikilishwa naitrojeni nyingi hulala. Samadi, inayoachia chakula taratibu, inaifaa. Tena harufu yake inauzika mashineni bila cheti, wakati neno "hai" pekee halimwongezei mkulima hata shilingi. Alama ya KILIMOHAI, inayothibitisha kuwa zao ni la kilimo hai, inaweza kupatikana kupitia kikundi cha wakulima wanaokaguana, ila maji ya mfereji wetu hupita kwanza mashamba yanayopigwa dawa, kwa hiyo mazungumzo na majirani wa juu ndiyo kazi kubwa iliyobaki.

Kwa sasa ni kuamia ndege. Mavuno yataanza punje nyingi za suke zikigeuka rangi ya dhahabu, na mpunga utaanikwa juu ya turubai na kugeuzwa mara kwa mara mpaka unyevu ufike asilimia 14, kwa sababu jua kali la ghafla hupasua punje na mashine hutoa chenga. Kila aina itapimwa na kukobolewa peke yake, na malipo ya vibarua yatakatwa kwenye mapato kabla ya kuandika faida.