Bombers wa Flin Flon: timu iliyozaliwa na mgodi

Ndugu zangu wa Shinyanga wakinipigia simu huuliza kwanza habari za baridi, kisha za hela. Habari za Bombers, timu yetu ya magongo ya barafuni, hakuna aliyeniuliza hata siku moja, na huku niliko ndiyo habari ya mji. Leo nawaletea bila kuulizwa.

Flin Flon iko kaskazini mwa jimbo la Manitoba, Kanada, zaidi ya kilomita 700 kutoka Winnipeg kwa barabara. Imebanana na mpaka wa Saskatchewan kiasi kwamba kipande cha mji kimeangukia jimbo la pili. Tumekaa juu ya mwamba mtupu. Udongo wa kuchimbia mabomba haupo, kwa hiyo sehemu nyingi mabomba ya maji na majitaka yanapita juu ya ardhi ndani ya masanduku ya mbao, na watu wanatembea juu yake kama njia ya miguu. Hata jina la mji ni la mhusika wa riwaya waliyokuwa wakiisoma watafuta madini porini. Mji wa namna hiyo usitegemee uwe na mambo ya kawaida.

Kilicholeta watu hapa ni shaba na zinki. Kampuni ya Hudson Bay Mining and Smelting iliundwa mwaka 1927, na historia ya Bombers nayo inahesabiwa kuanzia mwaka huohuo. Sioni kama ni bahati nasibu. Unapowaleta vijana wa kiume porini, giza linaingia saa kumi na moja jioni, kipimajoto kinasoma nyuzi 30 chini ya sifuri, lazima uwape kitu cha kufanya zaidi ya kunywa.

Kwa asiyeujua mchezo: ni magongo, ila unachezwa juu ya barafu na viatu vya makali. Watu sita kila upande akiwemo golikipa, vipindi vitatu vya dakika 20, na badala ya mpira kuna kisahani kigumu cheusi, wanakiita paki. Ligi ya vijana ni ya umri wa miaka 16 hadi 20. Ni ngazi ya mwisho kabla timu kubwa za NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, hazijaja kuchagua wanaowataka, kwa hiyo kila mtoto uwanjani anacheza kama anayesaka visa.

Mwaka 1957 Bombers walichukua Memorial Cup, kombe la vijana la Kanada nzima. Fainali ilikuwa dhidi ya vijana wa Ottawa-Hull, tawi la timu ya NHL ya Montreal Canadiens lililosimamiwa na Sam Pollock, mtu ambaye baadaye aliijenga Montreal ikabeba makombe kama inayaokota. Ilikwenda hadi mchezo wa saba, na mji wa mgodi ukashinda. Nahodha alikuwa Ted Hampson, mzaliwa wa kijiji cha Saskatchewan kiitwacho Togo. Ndiyo, Togo. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na asilimia kubwa ya wazee wetu wamepita mgodini. Mmoja wao husahau kama amekula chai, lakini ukimtajia 1957 anakaa wima. Anakwambia kampuni ndiyo iliyokuwa mama na baba wa timu: wachezaji walipewa kazi mgodini, na ratiba ya kazi ikapangwa ifuate mazoezi. Kijana wa miaka 17 anatoka shamba la ngano huko kusini, anafikia kwenye familia inayomlea kama mtoto wao, anapata mshahara, jioni yuko barafuni. Nani angekataa?

Aliyeitangaza Flin Flon kuliko wote ni Bobby Clarke. Huyu hakuletwa, ni wa hapahapa, alizaliwa 1949, baba yake mfanyakazi wa mgodi. Akiwa bado mtoto wa shule akagundulika ana kisukari, na enzi hizo maana yake ilikuwa insulini kila siku na watu kukuangalia kama yai. Msimu wa 1967–68 alifunga mabao 51 na kutoa pasi 117 za mabao. Pembeni yake alicheza Reggie Leach, kijana wa Kianishinaabe, watu wa asili wa Kanada, kutoka Riverton, ambaye msimu huohuo peke yake alitia mabao 87. Ukisikia wazee wanasema ligi ya sasa si kitu, usibishane nao, wana takwimu.

Kocha Pat Ginnell alijua kisukari kitamponza kijana wake siku ya kuchaguliwa. Akamchukua hadi hospitali ya Mayo Clinic, Minnesota, madaktari wakampima na kusema anaweza kucheza ilimradi ajitunze. Hata hivyo mwaka 1969 timu moja baada ya nyingine zilimruka. Philadelphia Flyers wenyewe walimchagua mtu mwingine kwanza, ndipo wakamchukua Clarke akiwa wa 17. Akaja kuwa nahodha wao, akanyanyua Stanley Cup, kombe la NHL, mara mbili mfululizo, 1974 na 1975, na mara tatu akatajwa mchezaji bora wa NHL. Leach alimfuata Philadelphia, na mwaka 1976 alifunga mabao 19 katika mechi za mtoano, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano ingawa timu yake ilifungwa fainali. Kila nikimchoma sindano ya insulini mzee anayenung'unika, namtajia Clarke. Hunyamaza, hasa wale waliowahi kumwona akicheza.

Sasa upande wa pili, maana hapa hatuandiki risala. Bombers wa Ginnell walikuwa wakorofi. Uwanja wao, Whitney Forum, ulikuwa mdogo, mashabiki wako shingoni mwako, na safari ya kuja ni basi la usiku kucha. Timu za kusini zikawa na ugonjwa wao maarufu, mafua ya Flin Flon: mchezaji mzima kama chuma anaamka siku ya safari hawezi hata kukohoa vizuri. Mwaka 1969, katika fainali ya shirikisho lililokuwa limejitenga na chama kikuu, timu ya St. Thomas kutoka Ontario ilikataa kuendelea na mchezo wa nne kwa sababu ya ngumi, kombe likabaki kwa Bombers. Wenyeji wanaisimulia kwa kujivunia. Mimi inanipa shida. Wale walikuwa watoto wa watu, na mtu mzima mwenye filimbi shingoni ndiye aliyewatuma.

Ligi ilipokua na gharama zikakua, mji mdogo ulioko mwisho wa barabara haukuweza kufuata. Mwaka 1978 nafasi ya timu kwenye ligi kubwa ya magharibi ikahamishiwa Edmonton. Jina la Bombers lilibaki nyumbani, na tangu 1984 wanacheza ligi ya Saskatchewan, ngazi moja chini, ambako walitwaa ubingwa mwaka 1993. Timu ya Manitoba kwenye ligi ya Saskatchewan, lakini kwa mji uliokaa juu ya mpaka hakuna anayeshangaa.

Mtu wa Shinyanga ataniuliza: na mgodi ukifungwa? Swali hilo tunalijua, tumeikuta Mwadui na timu yake ya almasi ikipanda na kushuka. Hapa tanuru la kuyeyushia shaba lilizimwa 2010, na Juni 2022 mgodi wa mwisho mjini, ule wa 777, ukafungwa. Majuma machache kabla ya hapo Bombers walikuwa wamefika fainali ya ligi na kupoteza mchezo wa saba mbele ya timu ya Estevan. Katika mwaka ambao mji ulikuwa unapoteza ajira, mashabiki walinunua tiketi. Siku hizi walipiaji ni maduka, michango, na bahati nasibu ya nusu kwa nusu: unanunua kikaratasi mlangoni, nusu ya fungu anaondoka nalo mshindi, nusu inabaki kwa timu. Sijawahi kushinda, lakini dada mmoja Mfilipino wa kazini kwetu ameshinda, na bado tunamdai chakula.

Mwezi wa tano 2025 moto wa msituni ulitutoa wote mjini. Tulirudi baada ya karibu mwezi mzima na kukuta mji umesimama, ila majirani zetu wa Denare Beach, ng'ambo ya mpaka, nyumba zao nyingi ziliungua. Katika makundi ya simu tulipokuwa tumetawanyika mahotelini, swali la pili baada ya "nyumba yangu ipo?" lilikuwa "Whitney Forum upo?"

Mtu atakayekuja kuona mechi ajiandae kwa mguu wa mnyama. Sitanii. Bombers wakishinda mechi kubwa, shabiki hurusha barafuni mguu wa moose, yule mnyama jamii ya kulungu anayeweza kumzidi ng'ombe urefu. Ni mguu halisi, wenye kwato na manyoya, umegandishwa. Unateleza hadi katikati ya uwanja, na anayeuondoa huukumbatia kama mtoto mchanga huku watu wazima wakipiga vigelegele. Mara ya kwanza niligeuka kumwangalia jirani yangu nione kama naye kashtuka. Alikuwa anakula chipsi.

Msimu unaanza Septemba. Wabongo mlioko Winnipeg, mkitaka kuja njooni Ijumaa ili mpate mechi mbili, mjaze tanki mji wa The Pas maana mbele yake ni miti tu, na mvae soksi mbili hata kama mtakaa ndani. Malazi yapo kwangu, ila sebuleni.