Nilivyojenga msingi kwenye udongo wa mbuga, Shinyanga

Kiwanja changu kiko nje kidogo ya mji wa Shinyanga, upande ambao wanunuzi wengi hufika, hutazama chini na kugeuza pikipiki. Ukienda mwezi wa tisa utaona sababu mwenyewe: ardhi nyeusi imepasuka, na baadhi ya nyufa zinameza mkono mpaka kwenye kiwiko. Hiyo ndiyo mbuga. Mvua ikinyesha inakunywa maji na kuvimba, jua likiwaka inasinyaa, na chochote kilichokaa juu yake kinapandishwa na kushushwa kila mwaka. Tena hakipandishwi kwa usawa. Katikati ya nyumba udongo umefunikwa, kwa hiyo unyevu wake haubadiliki sana. Pembeni ndiko jua na mvua vinakopokezana. Nyumba inabebwa huku imeachwa kule, ndipo nyufa zinaanzia kwenye kona za madirisha na kupanda mshazari.

Nilinunua kwa sababu bei ilikuwa nafuu, lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba nafuu ile yote itarudi chini ya ardhi. Nilitaka nyumba ya vyumba vitatu, na nyuma yake banda la mita 4 kwa 5 la jiko na stoo.

Kabla ya kumwita fundi nilichimbisha shimo kwenye kila pembe ya kiwanja. Upande wa kaskazini weusi uliisha kwenye sm 90. Kusini ulikwenda mpaka mita 1.6. Chini yake kulikuwa na udongo wa rangi ya kijivujivu, wenye changarawe na vijiwe vyeupe vya chokaa. Kipimo changu kilikuwa cha mikono tu: unalowanisha udongo kidogo, unauviringisha kwenye kiganja. Ule mweusi ulijiviringa ukawa mwembamba kama kamba ya kiatu bila kukatika. Ule wa chini ulimeguka mara moja, na hapo nikajua nimefika mahali pa kusimamishia nyumba.

Fundi mkuu hakufurahi. "Mama, mjini kote tunachimba futi mbili, na nyumba zimesimama."

"Futi mbili za mjini ni za kichanga, fundi. Huku tunachimba mpaka weusi uishe."

Akaniuliza mawe ya kujaza mtaro wote huo atalipa nani. Swali la haki. Bahati nzuri Usukumani mawe ya matale, yale magumu ya miamba, hayana uhaba, na msingi wa mawe mafundi wa huku wanaujua tangu utotoni. Kwa sababu kina hakikulingana, tulichimba kwa ngazi: kila ngazi sakafu yake imelala sawasawa kwa pima maji, mtaro haukuachwa ushuke kwa mteremko. Udongo ulitupwa mita moja kutoka ukingoni, na kule kusini tuliweka mbao na milunda kuzuia kingo, maana mbuga iliyokauka husimama wima ikakudanganya, halafu inamwagika yote kwa mkupuo. Hakuna aliyeruhusiwa kushuka mtaroni peke yake.

Mtaro wa mbuga hauachwi wazi. Ukipigwa na jua unapasuka, ukipigwa na mvua unavimba na kulainika chini. Kwa hiyo kila kipande kilichofika kina chake kilimwagiwa siku hiyohiyo tabaka jembamba la zege hafifu, mm 50, uwiano wa 1:4:8 (saruji, mchanga, kokoto), la kufunika tu. Juu yake likaja zege la msingi lenyewe, kisha mawe, na juu ya mawe mkanda wa zege: nondo nne za mm 12, zimefungwa kwa ringi za mm 8 kila baada ya sm 20. Nondo zilikaa juu ya vibiskuti vya zege ili zisigusane na ardhi. Hapa nilikuwa mkali. Nondo inayolala kwenye udongo inapata kutu, na kutu ikivimba inapasua zege kutoka ndani.

Lakini jambo nililolisimamia kuliko yote ni kifusi cha ndani. Ukishachimba una vilima vya udongo mweusi kiwanjani, bure, na kila mtu anaona ni akili kuurudisha ndani ya msingi badala ya kununua moramu, udongo wa changarawe usiovimba. Ukifanya hivyo umechimba bure: kuta zitatulia, sakafu itainuka katikati na milango itagoma kufungwa. Nilimwambia mzee jirani auchukue wote. Alikuja na mkokoteni wa ng'ombe akaubeba kwenda kuinulia kingo za majaluba yake ya mpunga, ambako tabia yake ya kushika maji ni sifa. Ndani tuliingiza moramu, tabaka la sm 15 kwa sm 15, linalowanishwa, linashindiliwa, ndipo linakuja jingine.

Banda la nje nililifanyia njia nyingine, maana kulishushia mita moja na nusu ya mawe kungekuwa kutupa hela. Tuliondoa mbuga sm 60 eneo lote na mita moja zaidi kila upande, tukajaza moramu mpaka juu ya usawa wa ardhi, tukatandika nailoni nzito, kisha tukamwaga jamvi moja, bamba la zege la eneo lote, lenye wavu wa nondo. Jamvi ni sm 10, ila kingo zake zimeshushwa kwa sm 30 zaidi, upana sm 30, kuzunguka banda lote. Ardhi ikitikisika, banda linainama zima kwa pamoja, kuta hazivutani. Halijaunganishwa na nyumba popote. Hata kibaraza kati yao kina mwanya.

Hesabu yake, kwa anayetaka: jamvi ni mita za ujazo 2, kingo zinaongeza karibu 1.6. Zege la 1:2:4 hula mifuko kama sita na nusu kwa mita ya ujazo, hivyo niliweka mifuko 24 na mmoja wa akiba. Kupimia tulitengeneza sanduku la mbao la sm 40 kwa 35, kina sm 25. Ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Toroli halipimi kitu. Mmoja analijaza kichuguu, mwenzake analisawazisha.

Siku ya zege ugomvi ulikuwa wa maji. Vijana wanapenda zege la uji kwa sababu linajipeleka lenyewe, na mgongo ni wao, siwalaumu. Ila maji yanayozidi hukauka na kuacha vitundu. Nilikaa na ndoo mimi mwenyewe: lita 25 kwa mfuko na si zaidi, na mchanga ukiwa mbichi napunguza. Ukilifinya zege mkononi libaki donge bila kuchuruzika. Niliwalipa zaidi kidogo kwa kulishindilia kwa mti, na ugali wa mchana ulikuwa na nyama.

Jioni tulifunika kwa magunia, kesho yake tukajenga tuta dogo la mchanga ukingoni na kujaza maji juu ya jamvi. Lilikaa na maji wiki nzima, maji ya kununua, na shemeji yangu alinicheka kwamba nafuga samaki.

Tulikimbizana na mwezi wa kumi na moja, na mvua za kwanza zilikuta kila kitu cha chini kimefungwa. Kuzunguka nyumba kuna njia ya zege ya upana wa mita moja inayoteremka kwenda nje, mabati yana mifereji inayopeleka maji mbali, choo na karo viko upande wa chini, na mti wa karibu zaidi ni mwembe ulio kwa jirani. Kila kiangazi ile njia ya zege huachana na ukuta, mwanya wa kidole hivi, na mvua zikirudi hujibana tena. Fundi alishauri tuuzibe kwa saruji. Mimi naujaza lami laini, inayofuata ardhi inakokwenda.